Madumu Mawili ya Shemeji

Mke wangu alikuwa akisema kwamba mimi nikitaka kusimulia jinsi nilivyonunua chumvi, lazima nipitie kwanza kijiji alikozaliwa muuza chumvi. Ni kweli. Na sasa hayupo wa kunikatiza, kwa hiyo anayesoma avumilie. Habari yenyewe ni yake yeye, na mashine ya mionzi, na madumu mawili ambayo kaka yake aliyaleta kutoka Sengerema akiamini anamwokoa.

Mimi ni fundi matofali. Shule niliiacha darasa la tatu, mwalimu alinipiga kwa kosa la mwingine nikaona haina maana. Nyumba nyingi hapa Mabatini, Mwanza, hizi zilizokaa juu ya mawe kama mbuzi, matofali yake niliyafyatua mimi. Sijivuni. Nasema tu ili ijulikane kwamba mambo ya hospitali nitakayoyaandika niliyasikia kwa masikio ya fundi matofali, na nikikosea jina la kitu ni kwa sababu hiyo.

Ugonjwa ulianza na damu. Mke wangu alishaacha kuona siku zake zamani, wajukuu wameshakua, mara damu ikarudi. Akanijia nyuma ya nyumba akicheka.

"Mzee, jiandae. Naona nataka kukuzalia tena."

Nilicheka naye. Wiki zilizofuata hakucheka, maana damu ilianza kunuka, na mgongo ukamkaza. Hospitali walipima wakasema ni saratani ya mlango wa kizazi, imeshatambaa pembeni, kisu hakitafaa tena, ila mionzi inaweza. Mimi nililishika hilo neno inaweza, nikatoka nalo. Masharti yalikuwa haya: aende kwenye mashine Jumatatu mpaka Ijumaa, apumzike Jumamosi na Jumapili, wiki inayofuata tena hivyo hivyo, mpaka dozi iishe. Asiruke. Walilisema hilo la kutoruka hata mimi mwenye kichwa kizito nikalikariri. Na kila wiki siku moja atatundikiwa dripu ya dawa ya kuisaidia mionzi.

Basi tukawa watu wa benchi. Nje ya chumba cha mashine kulikuwa na benchi la kina mama wenye ugonjwa mmoja, na wote wameambiwa wanywe maji mengi wasikojoe mpaka watoke. Sababu tuliambiwa: kibofu kikijaa kinausukuma utumbo pembeni, mionzi isiuchome. Sasa fikiria kina mama watu wazima wamekaa wamebana miguu, hakuna anayethubutu kukohoa.

"Umejaa?" mmoja anamuuliza mwenzake.

"Nimejaa mpaka kooni. Wakichelewa nawafungulia bomba hapa hapa."

"Usinichekeshe wewe mama, utaniaibisha mbele ya mzee wa watu."

Mzee wa watu ni mimi. Waume wengine walikuwa wanawashusha wake zao getini na kuondoka. Mimi nilikaa. Mke wangu walimchora alama za wino kiunoni na tumboni, za kuielekeza mashine, akaambiwa akioga asizisugue. Jioni ananionyesha. "Nimepigwa chapa kama ng'ombe wa mnada. Sasa hata nikitaka kukutoroka kwenda kwa mwingine, watanirudisha kwako." Alikuwa na mdomo huyo mwanamke. Nilimwoa kwa sababu ya mdomo, na kuna miaka nilijuta, lakini kwenye benchi lile mdomo wake ulikuwa unawafaa wote.

Sasa niseme habari ya daraja, maana bila daraja shemeji asingekuwa anakuja kila mara. Zamani kwenda Sengerema au kutoka huko kulikuwa na kivuko cha Busisi. Unafika unakuta foleni, magari ya Geita yamejaa, unasubiri mpaka unasahau ulichofuata. Watu walilalamika sana. Mimi sikulalamika. Kile kivuko kilitulinda na wakwe. Mkwe akitaka kuja kukukagua alifikiria mara mbili. Siku hizi daraja limekamilika, mtu ananywa chai Sengerema na sufuria ya mchana inamkuta kwako. Nalisifu kama kila mtu anavyolisifu, wagonjwa wanapita upesi, samaki hawaozi njiani. Lakini mimi kile lilichonipitishia nakijua.

Shemeji yangu huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu. Mfanyabiashara wa ng'ombe, mzee wa kanisa, mtu anayeheshimika. Na baba yao alikuwa mjuzi wa mizizi, naye shemeji akarithi kidogo, ingawa kanisani halisemi. Nisimpake matope. Alimpenda dada yake. Alipopigiwa simu kwamba anaugua alikuja siku hiyo hiyo, akakaa kwenye kigoda akalia mbele yangu bila kujificha. Kisha akasema, "Shemeji, siku nyingine mkionana na daktari nataka niwemo. Kwetu wanataka mmoja wetu asikie kwa masikio yake."

Haki yake. Tukaenda wote watatu.

Daktari wa mionzi alikuwa binti mdogo, sawa na mjukuu wangu wa kwanza. Alitusalimia shikamoo sote watatu kabla hajakaa, nikampenda hapo hapo. Akasema mama anaendelea vizuri, uvimbe unaonyesha kusikia dawa. Tungeaga wakati ule. Natamani tungeaga. Lakini shemeji akajikohoza.

"Daktari, mimi ni kaka yake. Hiyo mashine peke yake inatosha? Hakuna dawa ya kuiongezea nguvu?"

"Ipo ile dripu ya kila wiki, baba. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Na huko kwa wenzetu wanatumia hiyo hiyo?"

Yule binti angeweza kusema ndiyo, yakaisha. Lakini alikuwa mkweli, na nadhani alikuwa na hamu ya kusema kitu alichokisoma, kama mtu aliyeona kitu kizuri dukani akakosa wa kumsimulia. Akatueleza. Akasema ndani ya kila chembe ya mwili kuna uzi, ndio vinasaba, umeandikwa jinsi chembe itakavyoishi. Mionzi inaukata ule uzi. Chembe nzima ikikatwa inajiunga upya vizuri, ndiyo sababu mtu hafi kwa mionzi. Ya saratani nayo inajaribu kujiunga, ina mafundi wake humo ndani, na wakifanikiwa inapona na kuendelea. Wenzetu wanajaribu dawa za kuwafunga mikono hao mafundi. Chembe ikatwe, ishindwe kujishona, ife. Tena ikifa vibaya hivyo inaacha vipande vipande, na hivyo vipande ndivyo vinavyowaita askari wa mwili, yaani kinga. Saratani ina ujanja wa kuwalaza hao askari. Ipo dawa ya pili ya kuwaamsha. Basi wanachotafuta ni kuyaunganisha matatu: mionzi ikate, dawa ya kwanza izuie kushona, ya pili iamshe askari wamalize.

Mimi nilielewa. Ndugu msomaji, nilielewa kuliko nilivyowahi kuelewa kitu chochote cha shule, kwa sababu ya vichuguu. Udongo mzuri wa tofali ni wa kichuguu. Unakivunja jioni, umechoka, unaacha sululu pale pale. Asubuhi unakuta mchwa wameshaziba, udongo bado mbichi, kana kwamba hukuja. Nilimwona mchwa ndani ya mke wangu. Na nikawaona mchwa hao wakizibiwa njia.

"Mwanangu, hizo dawa sisi tunazipata wapi?"

Akainama kidogo. "Babu, kwa mama hapana. Hapa hatuna. Na hata huko bado wanapima, nani zinamfaa, kiasi gani, zianze kabla au baada. Zikikosewa ni hatari. Askari wakiamka vibaya wanapiga hata raia wema, utumbo, ini, mapafu. Na chembe nzima nazo zinahitaji mafundi wake. Mama aendelee na mionzi yake na dripu yake asikose siku. Hiyo ndiyo dawa yetu na inatibu watu."

Hayo ya mwisho shemeji aliyaacha kwenye kiti. Ya mwanzo akatoka nayo.

Mimi mwenyewe nilitoka na uchungu ambao sijui kama nitaueleza. Kabla ya siku ile nilikuwa na shukrani. Mashine ipo Mwanza, hatuendi Dar, mke wangu anapata. Baada ya siku ile nikawa mtu aliyejua kwamba mahali fulani kuna wanawake wenye ugonjwa huo huo wanaopewa nafasi ambayo wangu hapewi. Nilikaa kwenye benchi nikaona hata maji yale wanayokunywa ni machache.

Wiki iliyofuata shemeji akaja na madumu mawili ya manjano, yale ya mafuta ya kula, yamefungwa nailoni mdomoni. Akayaweka sebuleni katikati.

"Hili," akagusa la kwanza, "ni chungu. Linafunga. Hili la pili linaamsha damu."

"Shemeji, hivyo ni nini?"

"Si ulimsikia daktari? Mashine inakata, dawa moja inafunga, nyingine inaamsha. Kasema hawana. Hawana wao! Sisi tunazo, baba alituachia. Nimechemsha mwenyewe."

"Alisema asichanganye na kitu."

"Alisema wapi? Alisema huko kwa wenzetu wanachanganya. Shemeji, wewe ulikuwa unaangalia viatu vya yule mtoto au ulikuwa unasikiliza?"

Niliviangalia kweli, vilikuwa vimeraruka kisigino nikamwonea huruma. Lakini nilisikiliza. Nikamwambia zile ni dawa zinazopimwa miaka na miaka, si mizizi ya porini. Akaniangalia kwa utulivu, tena hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo unaizuia dawa ya kwao."

Hapo alinishika, na anayetoka kwetu anajua kwa nini. Mwanamke ameolewa, watoto ni wa mume, shamba ni la mume, lakini akiugua, dawa ikitoka kwao mume haikatai. Unaweza kumkataa mbuzi wao, unaweza kuwakatalia mengi. Dawa ya binti yao hapana. Mume aliyeikataa, siku mke akifa, anaulizwa mbele ya watu: ulikuwa unamtaka nani mwingine? Nimeshuhudia mzee mmoja akiulizwa hivyo. Alihama.

Mke wangu alikuwa amelala chumbani, mlango wazi, kasikia yote. Akaita.

"Leteni huku ninywe. Nyie wawili mkikosana, nani atawachemshia chai ya kupatana? Mimi?"

Nikaingia. Nikamwambia polepole, "Mama, usinywe. Mimi nitaulizwa, acha niulizwe."

Akanishika mkono. "Utaulizwa nimeshakufa, mimi sitakuwepo kukutetea. Huyu ni kaka yangu, alinibeba mgongoni. Nitakunywa kidogo aone, akiondoka tunamwaga."

Lakini kaka hakuondoka. Alikaa, akamnywesha mwenyewe kwa kikombe, asubuhi la kufunga, jioni la kuamsha, na mke wangu akawa anakunja uso na kumwambia, "Kaka, hii ukiwapa ng'ombe wako mnada unafungwa." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Kuhara kulianza kesho yake. Mionzi ya tumboni yenyewe huharisha, tulionywa, lakini huku kulizidi tulichoonywa. Hakuweza kufika chooni. Akakauka midomo, macho yakaingia ndani. Na shemeji, nasema alivyosema, alipiga makofi kidogo. "Uchafu unatoka. Umeona? Inafanya kazi."

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Yule binti daktari alipomwona hakusalimia safari hii, alimshika ngozi ya mkono akaivuta, haikurudi.

"Mama, umekula nini?"

"Maharage."

"Maharage tu?"

"Ya jana."

Shemeji alikuwa nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Nikasema. "Amekunywa mizizi, daktari. Madumu mawili." Mke wangu alinikata jicho ambalo hajawahi kunikata ndani ya ndoa nzima. Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya kaka yake, kwamba nimemvua nguo mbele ya mtoto.

Daktari hakugomba. Akaandika vipimo, damu ikachukuliwa, majibu yakasema figo zimechoka. Dripu ya saratani ikasimamishwa, mashine ikasimamishwa, akalazwa atiwe maji. Nikamuuliza itasimama mpaka lini. Akasema mpaka figo zirudi. Nikamuuliza na mchwa je? Hakunielewa, nikamkumbusha mafundi wake. Akavua miwani.

"Ndiyo, babu. Tukisimama, chembe zinajiunga. Hazijui kwamba tumesimama kwa sababu mgonjwa kazidiwa."

Kwa hiyo lile dumu la kuwafunga mafundi ndilo lililowapa nafasi ya kufanya kazi. Nimeligeuza hilo kichwani mara nyingi na kila nikiligeuza linakata upande mwingine. Shemeji alisikia sawa. Alielewa sawa kabisa, bora kuliko wengi wenye vyeti: ikate, izibwe, iamshwe. Alichokosa ni kitu kimoja, kwamba kujua dawa inatakiwa ifanye nini si kuwa na hiyo dawa. Na kwa upendo wake wote alifanya kinyume cha kila neno.

Nilikaa kwenye benchi siku zile ingawa hatukuwa na zamu. Kina mama waliniuliza, "Bibi yuko wapi na vituko vyake?" Nikawaambia kalazwa. Mmoja akasema, "Mwambie tumemtunzia nafasi, na mkojo tumemjazia." Nilipomfikishia alicheka mpaka akashika tumbo.

Alirudi kwenye mashine. Alimaliza. Nataka ijulikane kwamba alimaliza, na alama za wino zikaachwa zifutike, na kwa muda hakutoka damu, akarudi kupika, akarudi kunigombeza. Shemeji akawatangazia watu huko kwao kwamba dawa zake zimeisaidia mashine. Sikumbishia. Mtu akiwa mzima huna sababu ya kubishana nani alimponya.

Kisha maumivu ya mgongo yakarudi. Safari hii binti daktari alituketisha, akamshika mke wangu mikono yote miwili kabla ya kusema, na mtu akikushika mikono yote miwili umeshajua. Hakukuwa na tiba tena ila ya kutuliza. Nikabaki nyuma, nikamuuliza faragha kama ni yale madumu. Nilitaka aseme ndiyo. Mungu anisamehe, nilitaka sana.

"Babu, siwezi kusema hivyo. Kukatisha kunaharibu, hilo ni kweli. Lakini wapo wanaomaliza bila kukosa hata siku na bado ugonjwa unarudi."

Kwa hiyo hata wa kumkasirikia kwa uhakika sikupewa. Ningepewa huyo ningemkasirikia nikamaliza.

Alifia nyumbani, mchana, dirisha wazi, akilalamika kwamba jirani anakaanga dagaa bila chumvi.

Msibani kuna neno la kwao marehemu. Jeneza likiwa bado uani, msemaji wa ukoo wake anasimama, na mfiwa mume anakaa chini kichwa kimeinama hajibu kitu, hata wakisema hakumvalisha, hata wakisema hakumlisha. Ndivyo ilivyo. Aliyesimama ni shemeji. Alianza vizuri, akasema jinsi alivyombeba mgongoni. Alilia, nasi tukalia. Kisha akasema:

"Dada yetu alikuwa anapona. Tulimpa dawa za baba, zikaanza kumsafisha. Wakamrudisha kwenye ule moto wa hospitali, ukamchoma ndani. Ndugu zangu, kina mama, ugonjwa huu msiupeleke kwenye mionzi. Mimi nimeona."

Nilikuwa nimeinama kama inavyotakiwa. Nikawasikia kina mama wakiguna, ule mguno wa kukubali. Nyuma yangu mmoja akanong'ona, "Si nilikwambia? Wanachomwa." Nikasimama.

"Shemeji, naomba radhi kwa jeneza hili. Mionzi haikumuua. Kilichomuua ni saratani, na mimi na wewe hatujui kama angepona. Ila alikuwa akienda kwenye mashine kwa miguu yake mpaka alipokunywa madumu yako, na mashine ikasimama. Kina mama, atakayeona damu isiyo ya kawaida aende, aende mapema, na akipewa dawa asichanganye hata na ya baba yangu mimi."

Kisha shangazi yake marehemu akapiga yowe. "Anamtukana kaka mtu mbele ya maiti! Mlimsikia? Alikuwa anamtaka nani huyu?"

Lile swali. Lilikuja tu, hata bila kuizuia dawa.

Tulizika. Wakwe waliokuja na basi dogo la kukodi hawakunawa mikono, hawakugusa chakula, walipanda wakaondoka na vumbi lao. Shemeji alipita mbele yangu bila kunitazama, macho mekundu, na nikaona amekonda kama mimi. Mwanangu mkubwa akanifuata jikoni uani. "Baba, umetukata na wajomba zetu." Nikamwambia ndiyo.

Watu walipopungua, mwanamke mmoja muuza mihogo wa mtaa wa chini, simjui vizuri, akaja akajifanya anakusanya sahani. Akazikusanya zile zile mara mbili.

"Babu, huko mionzini wanavua nguo zote?"

Nikamwambia hapana, kuanzia kiunoni, na shuka unapewa, na aliyekuwa akituhudumia sisi ni mwanamke. Akauliza kama inauma. Nikamwambia mashine yenyewe haiumi, inayouma ni siku za baadaye, choo kinasumbua, mwili unachoka. Sikumdanganya. Akauliza kama nitakwenda naye, maana mume wake hajui. Nikasema njoo Jumatatu asubuhi, nitakuwa nimeamka.

Akaondoka amejitanda kanga kichwani, hataki kuonekana. Mimi nikabaki na masufuria ya wakwe, wali umeganda, nyama imefanya mafuta meupe juu, na hakuna aliyeniuliza kama nimekula.